Swali la Mtu Mmoja

Sitaeleza nilifikaje nchi ya Uitikio. Njia yake haina la kusimulia, na mwenye hamu ya kwenda ataipata bila ramani. Nitaeleza tu niliyoyaona kwa siku kumi na tisa nilizokaa huko kama mtaalamu wa kufundisha wauguzi, kazi niliyoifanya kwetu kwa miaka thelathini na mmoja. Barua ya mwaliko ilisema wanataka kujua namna ya kuwafundisha wanafunzi wao kufikiri. Nilifurahi sana kuisoma. Nilipofika nilielewa kwamba walikuwa wamekwisha kuamua kufikiri ni nini, na kwangu walihitaji sahihi tu.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Uitikio ni kwamba swali huko hushuka, halipandi. Mkubwa humwuliza mdogo, na mdogo hujibu. Mdogo akimwuliza mkubwa, huo ni utovu wa adabu wenye kifungu chake katika sheria. Watu walio sawa kwa cheo hawaulizani kabisa, maana haijulikani nani yuko juu ya mwenzake. Kwa hiyo hata salamu zao hazina swali. Wakikutana asubuhi mmoja husema, "Nimeamka salama," na mwingine husema, "Nami nimeamka salama," kisha hupitana, hata kama mmoja wao amefungwa bandeji kichwani.

Utaona ni jambo dogo. Mimi nimezoea, kama ulivyozoea wewe, kuulizwa hali yangu na muuza magazeti, na mlinzi wa getini, na mtu nisiyemjua kabisa tuliyepanga naye foleni. Huko hakuna aliyeniuliza. Mgeni hana cheo kinachojulikana, hivyo kila mtu aliona salama yake ni kuninyamazia. Siku ya nne nilijikuta nasimama mbele ya kioo cha bafuni nikisema, "Habari za asubuhi, Mwalimu?" na nikajijibu kwamba ni njema. Upweke wa namna ile sikuuonja hata miezi ya kwanza baada ya kumzika mke wangu, kwa sababu msibani angalau watu huja kukuuliza kama umekula.

Aliyepewa kazi ya kuniongoza alikuwa Bwana Tegemea, Afisa wa Makaribisho, mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu na adabu zisizoisha. Nilipolalamika kidogo kuhusu sheria yao, alisikitika.

"Mwalimu, usituelewe vibaya. Sisi hatujakataza maswali. Swali la mtu mmoja ni utovu wa adabu, basi. Swali la watu wawili ni hoja, na hoja lazima Baraza liijibu siku hiyo hiyo. Ndiyo haki waliyotupigania wazee wetu."

"Kwa hiyo watu wawili wenye swali moja huenda barazani pamoja?"

Alishtuka kwa kuwa nimeuliza, kisha akanisamehe. "Hawawezi kwenda pamoja. Itabidi walizungumze kwanza, na kulizungumza swali ni kuuliza. Mmoja husimama peke yake, akasema swali lake. Mwenyekiti huita mara tatu, 'Nani mwenzake?' Aliye na swali hilo hilo husimama. Yeyote. Hata wewe mgeni, maana sheria inasema mtu, haisemi mwenyeji."

"Na asiposimama mtu?"

"Mwenye swali hupelekwa Chumba cha Fikra, akakae peke yake mpaka atakapoliondoa. Na swali lenyewe halitasikilizwa tena mwaka mzima."

"Mara ya mwisho mtu kupata mwenzake ilikuwa lini?"

Alitoa kijitabu mfukoni, akakifunua ukurasa baada ya ukurasa, akakirudisha. "Haki ile bado ipo," alisema.

Chuo cha wauguzi kilikuwa kimeungana na hospitali kuu. Darasa la mwaka wa tatu lilikuwa na wanafunzi arobaini, wote wamevaa aproni nyeupe zenye mifuko miwili mikubwa. Mkufunzi wao alikuwa Matroni Pulkeria, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye kwa hakika aliwapenda. Nilipewa kiti cha nyuma.

"Mgonjwa mwenye homa?" aliuliza Matroni.

"Hupimwa!"

"Akishapimwa?"

"Huandikwa!"

"Akishaandikwa?"

"Hushukuriwa!"

Alama zilitolewa kulingana na jinsi sauti arobaini zilivyokoma pamoja. Aliyechelewa kukoma alishukiwa kwamba alikuwa akifikiri, na aliwekwa kando kwa mazoezi zaidi. "Hawa wangu wanafikiri kwa haraka," Matroni aliniambia kwa fahari tulipotoka, "mpaka huwezi kuwaona wakifikiri." Nilicheka moyoni. Kisha nikakumbuka darasa langu mwenyewe, na lile neno langu maarufu, "Andikeni kama nilivyosema," ambalo wanafunzi wangu huniigiza nalo kwenye mahafali, na kicheko kikaniishia.

Wodini mambo yalikwenda kwa kadi. Siku mgonjwa alipolazwa, ofisi iliandika kadi yake, ikatundikwa kitandani, na kuanzia hapo muuguzi aliihudumia kadi. Kadi haikubadilishwa ila kwa hoja barazani. Wiki ile ile nilialikwa kusikiliza kikao cha Baraza, na nilikaa siku mbili nikiwasikiliza watu wazima wakijadili kama kuguna kwa mgonjwa ni swali. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba mgonjwa anayeguna anauliza kwa nini inauma, kwa hiyo ashitakiwe. Mwingine, msomi sana, alionyesha kwamba mgonjwa yuko chini ya kila mtu, hata chini ya mfagizi, na aliye chini kabisa hawezi kuuliza, hivyo anachofanya ni kutoa taarifa. Ikaamuliwa kwamba kuguna ni taarifa, kuandikwe, kusijibiwe. Suala la mgonjwa anayepumua kwa shida likaahirishwa hadi kikao kijacho.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa wodi namba sita, ya wagonjwa wa kisukari, sina pa kwenda, nikijifanya nasoma tangazo. Mwanafunzi mmoja alipita na trei ya sindano. Alikuwa msichana mrefu, aliyekunja mabega kama wafanyavyo warefu wasiotaka kuonekana. Alipokuwa sambamba nami alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Umeamkaje, Mwalimu?"

Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga. Nilimjibu kwamba nimeamka vibaya. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo alivyodhani, akaniashiria nimfuate.

Jina lake lilikuwa Kidawa. Mgonjwa wake alikuwa Mzee Chanzi, fundi viatu aliyestaafu, mwenye kisukari, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Kadi yake ilisema apigwe sindano ya kushusha sukari kila siku saa moja asubuhi, kiasi kile kile. Kadi iliandikwa wakati Mzee akimaliza sahani ya ugali na kuomba nyingine. Sasa alikuwa hawezi kumeza zaidi ya vijiko viwili vya uji, na uji wenyewe ulifika saa tatu. Muuguzi yeyote anajua hapo pana nini. Sindano huishusha sukari iliyomo mwilini, na kama haimo, humshusha mgonjwa mwenyewe.

"Siku ya kwanza nilimpiga kama kadi inavyosema," Kidawa alininong'oneza. "Baada ya muda nikamkuta analowa jasho la baridi, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la binti yake. Nikatazama kadi. Imeandikwa anaendelea vizuri. Nikasema, kati ya kadi na hili jasho, kimoja kinadanganya, na jasho halijui kuandika."

Alipiga sindano, maana Matroni huhesabu vichupa. Kisha aligeuzia wodi mgongo, akatoa mfukoni mwa aproni kifurushi kidogo cha karatasi, akamimina sukari kwenye kikombe cha maji, akakoroga kwa kidole na kumnywesha Mzee taratibu. Mzee Chanzi alimeza, akampapasa mkono.

"Fundi mzuri huyu," aliniambia mzee. "Anatazama mguu kabla ya kukata ngozi."

Kidawa hakutabasamu. "Sukari ya kwangu nyumbani hii. Nadhani nina wazimu, Mwalimu. Darasani wote wanaitikia sawasawa, ni mimi tu ninayekaa nikijiuliza. Lakini Ijumaa nahamishiwa wodi ya watoto. Atakayekuja hapa atafuata kadi, na hatakuwa na sukari mfukoni. Mzee hatamaliza siku mbili. Kwa hiyo Alhamisi nitasimama barazani niulize."

"Na usipopata mwenzako?"

"Sitapata," alisema. "Ila nikinyamaza nitakuwa nimemuua mimi."

Kesho yake saa moja nilirudi wodini, nikakaa kwenye kiti cha wageni. Nilimwona Kidawa akigeuka na kikombe chake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimejua cha kutazama, nikamwona mwanafunzi wa kitanda cha tatu naye kageuza mgongo, mkono unatoka mfukoni. Halafu wa kitanda cha tisa. Halafu wawili wa upande wa wanawake, nyuma ya pazia moja, kila mmoja kampa mwenzake kisogo. Ilikuwa wodi nzima. Hospitali ile yote ilikuwa hai kwa sababu ya wasichana na wavulana waliokuwa wakifikiri kwa siri, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake mwenye wazimu. Nimefanya kazi hospitalini maisha yangu yote, na sijaona watu walio wengi namna ile na wapweke namna ile.

Ningeweza kumwambia Kidawa hapo hapo. Nilijiambia kwamba kumwambia ni kulizungumza swali, na mimi ni mgeni, niheshimu sheria za watu. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimegundua jambo, na mwalimu akigundua jambo hupenda alitoe mwenyewe mbele ya darasa.

Alhamisi ukumbi wa Baraza ulijaa. Wanafunzi arobaini waliletwa kushuhudia, ili wajifunze. Kidawa alisimama katikati, mabega yamekunjika zaidi ya kawaida, na akasema swali lake bila kutetemeka:

"Kadi ya Mzee Chanzi iliandikwa alipokuwa anakula. Sasa hawezi kula. Je, sindano yake ibaki vile vile?"

Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. "Nani mwenzake?"

Niliwatazama wale wanafunzi. Kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake, na kila mmoja ameweka kiganja juu ya mfuko wa aproni. Nilimwona yule wa kitanda cha tisa akiinua kidogo makalio kwenye benchi, akatazama kushoto na kulia, akakaa tena.

"Nani mwenzake?"

Matroni Pulkeria alikuwa anajifuta jasho shingoni. Kidawa hakugeuka kutazama mtu.

"Kwa mara ya mwisho, nani mwenzake?"

Nilisimama. Nakumbuka jinsi ukumbi ulivyovuta pumzi. Kidawa aligeuka, akaniona, na yale mabega yakanyooka. Kumbe alikuwa mrefu kunizidi.

"Mgeni amesimama," alisema Mwenyekiti. "Mgeni ana swali?"

Neno moja lilitosha. Ndiyo. Ningesema ndiyo, nikakaa, na kadi ya Mzee Chanzi ingeandikwa upya kabla ya chakula cha mchana. Lakini watu walikuwa wamenitazama wote, kimya, kama darasa linavyomtazama mwalimu anapoingia, na miaka thelathini na mmoja ikanipanda kooni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "jambo hili liko wazi kabisa. Sindano ile hufanya kazi ya kushusha sukari. Mgonjwa asiyekula..." Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza dalili, nikaeleza hatari, nikaeleza kiasi kinavyopaswa kupunguzwa na nani aarifiwe. Na nilipoona nyuso zao hazijabadilika, nikatoa kile nilichokiweka akiba. "Na msidhani ni huyu binti peke yake anayejua. Wanafunzi wenu wote wanajua! Tazameni mifuko yao. Wote wana sukari!"

Nikakaa, nimeridhika. Nadhani hata nilikunja mikono.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mgeni ametoa jibu," alisema, na aliona huruma kweli. "Baraza halikumwuliza. Jibu si swali, kwa hiyo mwenye swali hakupata mwenzake. Mara tatu zimekwisha." Kisha akamgeukia Matroni. "Ila hilo la mifuko."

Walipekuliwa pale pale. Vifurushi thelathini na kimoja vya sukari viliwekwa mezani mbele ya Mwenyekiti, vya karatasi ya daftari, vya nailoni, kimoja cha kitambaa cha leso. Wanafunzi waliitazama ile meza, kisha, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, wakatazamana wao kwa wao. Kulikuwa na msichana aliyeziba mdomo kwa mikono miwili. Walikuwa wengi kumzidi Mwenyekiti na Baraza lake lote, na walikuja kujua wakati swali limekwisha kufungwa kwa mwaka mzima.

Ijumaa asubuhi mafundi cherehani walikuwa wamekwisha kuishona midomo ya mifuko yote ya aproni ikafungika. Mwanafunzi mpya wa kitanda cha Mzee Chanzi alipiga sindano saa moja kamili kama kadi ilivyosema, akasimama pale na mikono mitupu, akimwangalia mzee akilowa jasho, huku akilia bila sauti. Nilikimbilia jikoni. Nilipewa jibu kwamba sukari imefungiwa kabatini kwa amri, na ufunguo uko kwa mkubwa ambaye mimi sina cheo cha kumwomba. Nilirudi mbio na kipande cha muwa nilichokiokota jalalani nyuma ya jiko, ndivyo nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Mzee Chanzi alikuwa hawezi tena kumeza. Alikufa kabla uji haujafika, na mkono wake nilikuwa nimeushika mimi, mgeni.

Siku ya kuondoka niliomba kupita Chumba cha Fikra. Bwana Tegemea alisema si kawaida, lakini aliniacha nisimame nje ya dirisha dakika tano. Ndani palikuwa na kiti kimoja na Kidawa. Nilimwomba radhi. Niliomba kwa maneno mengi, kama kawaida yangu, nikifafanua nilikosea wapi.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Jibu nilikuwa nalo, Mwalimu," alisema. "Wote tulikuwa nalo. Mimi nilihitaji mtu."

Akasogea dirishani, akashika nondo.

"Huku hawaniambii kitu. Mzee wangu anaendeleaje?"

Mimi, mwenye jibu kwa kila jambo, nilimtazama nikashindwa. Alinisoma usoni. Akakirudia kile kiti, akakigeuzia ukutani, akakaa, na Bwana Tegemea akanigusa bega kwamba dakika zimekwisha.

Nilirudi kwetu. Jumatatu iliyofuata niliingia darasani mwangu, wanafunzi arobaini na wanne, wakasimama wote kwa pamoja, wakaniamkia kwa pamoja, wakakaa kwa pamoja. Sikufungua daftari la masomo. Niliwaambia kwamba yuko mgonjwa wa kisukari, kadi inasema apigwe sindano, na hajala tangu jana. Nikawauliza wao wanaona nini.

Nilisubiri. Wakatazama madawati yao, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwishowe kijana wa mbele, mwenye adabu, mwanafunzi wangu bora, aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Jibu ni lipi, tuandike?"

Jibu lilikuwa ulimini, tayari, na dalili zake zote na hatari zake zote. Niliuma meno. Nilivuta kiti kutoka nyuma ya meza yangu, nikakishusha chini ya jukwaa, nikakaa kati yao, nikasema kwamba mimi pia ninauliza. Kalamu arobaini na nne zilikuwa zimeinuliwa, zikinisubiri, na zilikaa hivyo hivyo mpaka kengele ilipolia.